Beni ya mtu mmoja: maswali ya kurekodi tarumbeta na wenzake nyumbani, Mombasa

Mie hupiga tarumbeta kwenye maharusi. Nikiwa sina harusi hurekodi sehemu zote za beni mwenyewe, katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili huku Majengo. Maswali haya huulizwa na wapigaji wenzangu, mengi yao tukiwa juu ya pikapu tunarudi na jasho. Humu nikisema "kipulizio" nakusudia pale unapotia midomo, na "domo" ni kule mbele sauti inakotokea.

Kurekodi kwa traki nyingi ni kufanyaje?

Unapiga sehemu moja, mashine inaihifadhi peke yake. Kisha unavaa hedifoni, unaisikiliza ile ya kwanza na huku unapiga ya pili. Halafu ya tatu. Mwishowe beni nzima imejaa chumbani, kumbe ni wewe na jasho lako tu. Kila sehemu imekaa kwenye traki yake, kwa hiyo waweza kuifuta, kuipunguza au kuirudia bila kugusa nyingine.

Si jambo jipya. Mwaka 1941 Sidney Bechet, mpulizaji klarineti na saksafoni wa kutoka New Orleans, alipiga vyombo 6 peke yake kwa kurekodi sahani juu ya sahani. Kila chombo kilipoongezwa, sauti za mwanzo zilinakiliwa tena na kuzidi kufifia. Mwaka 1957 Les Paul, mpiga gitaa, akapelekewa mashine ya Ampex yenye traki 8 kwenye tepu moja, na hapo kila sauti ikawa na njia yake. Kisha 1979 kampuni ya TEAC ikatoa Portastudio, iliyobana traki 4 ndani ya kaseti ya kawaida, na kazi ikaingia majumbani.

Kitu kimoja tu ni kigeni kwa mtu wa beni. Barabarani mwenzio akipanda kidogo nawe wapanda; akichelewa, wamvuta au wamngoja. Traki haikungoji wala haikusikii. Ilivyopigwa ndivyo itakavyobaki, na wewe ndiye utakayeifuata. Karibu shida zote tutakazozitaja hapa chini zinatokana na hilo.

Nianze na sehemu gani?

Wengi huanza na tarumbeta ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye wimbo, na ndiyo wanayoipenda. Nami nilianza hivyo, na nikapoteza wikendi nzima. Wimbo una madoido: unavuta noti hapa, unaharakisha pale, unapanda sauti ukifurahi. Sasa mpe mtu wa tuba afuate madoido hayo bila kuuona uso wako. Hawezi, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Anza na mwongozo ambao utaufuta baadaye. Weka metronomu, ule mdundo wa kuhesabia, kwenye programu yako ya kurekodi, piga wimbo mzima mara moja, vibaya vibaya tu, au uimbe kwa mdomo. Kazi yake ni kukuonyesha ubeti uko wapi na kiitikio kiko wapi. Juu yake weka ngoma ikiwa ipo. Kisha sauti ya chini: tuba, au eufoniamu kama tuba huna, au hata besi ya kinanda. Halafu tromboni, kisha tarumbeta ya tatu na ya pili. Ya kwanza iwe ya mwisho kabisa.

Sauti ya chini ndiyo sakafu ya tuni. Ukiwa na besi iliyotulia, sikio lako linajua tarumbeta ikae wapi. Besi ikiyumba, kila utakachoweka juu kitaonekana kibovu, na utairudia tarumbeta mara ishirini bila kujua kwamba mkosaji yuko chini. Mie nikisikia chodi imechafuka hunyamazisha traki zote, nikazifungua moja moja kutoka chini. Mara nyingi ni tromboni ya pili.

Mbona midomo inanichokea kabla sijafika tarumbeta ya kwanza?

Kwa sababu umetaka kumaliza siku moja. Ukipiga sehemu nne mfululizo utafika kwenye noti za juu midomo imekufa, na sauti iliyobanwa haifichiki kwenye maiki. Gawa siku mbili: ya kwanza sehemu za chini na za kati, ya pili tarumbeta ya kwanza peke yake, midomo ikiwa mipya. Ila rekodi saa ile ile ya jana. Swali linalofuata litakueleza kwa nini.

Kwa nini tarumbeta yangu iko juu ya kinanda kila mara?

Joto. Sauti husafiri haraka zaidi katika hewa ya moto: kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na karibu 349 kwenye nyuzi 30. Bomba la shaba halibadiliki urefu wa maana, lakini hewa iliyomo inatetemeka haraka zaidi, na noti inapanda. Kwa hesabu, kila nyuzi moja ya joto hupandisha kama senti 3, na nusutoni nzima ni senti 100. Kwa hivyo kutoka chumba cha nyuzi 20 hadi chumba cha Mombasa cha nyuzi 30 ni karibu senti 30. Kwa kweli huwa pungufu, maana pumzi yako imeshaupasha moto upande wa kipulizio, hali yoyote ya chumba. Lakini hata nusu yake sikio huisikia.

Kinanda cha umeme hakijui kaskazi wala kusi. Kiko palepale kwenye A ya 440 mwaka mzima. Wewe ndiye wa kuvuta slaidi ya kutunia.

Nilivyojifunza ni hivi. Nilirekodi tromboni asubuhi ya mwezi wa saba, upepo wa kusi unavuma, madirisha wazi. Tarumbeta nikazirekodi siku nyingine saa nane mchana, chumba kimefungwa, pangaboi limezimwa. Kila traki peke yake ilikuwa safi. Ukizifungua pamoja, utadhani beni mbili zimekutana njia panda. Nilizifuta zote.

Sasa hufanya hivi: napuliza dakika kumi bila kurekodi, mpaka chombo kimepata moto wa kutosha. Chombo kikubwa huchukua muda zaidi, tuba haipati moto kama tarumbeta. Natuni kwa kutazama kipima tuni, halafu nakiweka kando na kutuni upya kwa sikio juu ya traki ya besi. Kila baada ya kurudia mara tatu au nne, naangalia tena, kwa kuwa chumba kilichofungwa huzidi kupanda joto na mtu umo humo humo.

Mpiga kinanda aniambia wimbo uko F, nami nikipiga F twagombana.

Tarumbeta ya kawaida ni ya B-flati: ukipiga C yako, kinanda kinaisikia B-flati. Ongeza toni moja. Kinanda kikiwa F wewe piga G. Kikiwa C, wewe D. Tromboni kwa kawaida husoma sauti kama ilivyo, haihitaji hesabu hiyo. Ukiandika sehemu zako kwa MuseScore, ambayo ni ya bure, programu itakupigia hesabu yenyewe.

Ninunue maiki gani?

Kabla ya maiki, jua unachokirekodi. Tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu, karibu na domo hupita desibeli 110. Hiyo si sauti ya mtu anayeimba qasida. Maiki nyingi za bei nafuu za kondensa, aina inayotaka umeme ili ifanye kazi, zile zinazouzwa kwa watangazaji wa mtandaoni, zitapasua sauti kabla hujafika kiitikio, hata ukishusha geini, yaani kiasi cha kuikuza sauti ya maiki, kwa sababu upasukaji umeshatokea ndani ya maiki yenyewe.

Kwa anayeanza nasema maiki ya dainamiki, bila kusita. Shure SM57 imekuwako tangu 1965 na haiogopi chochote utakachoipulizia. Haitaki umeme wa volti 48, haijali sana unyevu, na ukiiangusha utaiokota na kuendelea. Ziko nyingine za aina hiyo, za bei ya chini, zinazofanya kazi vizuri. Ila tahadhari, mjini feki ni nyingi. Ijaribu kwanza mbele ya muuzaji.

Kondensa ikiwa na swichi ya kupunguza desibeli 10 au 20, nayo yafaa, hasa kwa tromboni na eufoniamu. Maiki ya riboni ndiyo mapenzi ya wapuliza shaba wengi duniani: huzipunguza makali zile sauti za juu zinazochoma. Lakini utepe wake ni mwembamba mno na upepo wa moja kwa moja unaweza kuukunja, kwa hiyo isikae karibu kabisa na domo. Kama bado unahesabu shilingi, iache iwe ndoto.

Niiweke umbali gani?

Anza na nusu mita, maiki ikiwa pembeni kidogo ya mstari wa domo, si ikilitazama usoni. Sauti kali za juu hutoka kwa tarumbeta moja kwa moja kama taa ya tochi. Ukisogea pembeni zinapungua na sauti inalainika. Ikiwa bado inachoma, rudi nyuma hadi mita moja. Ikiwa imekuwa kama unapigia kisimani, sogea mbele. Honi ya Kifaransa ni kesi yake, domo linatazama nyuma, basi maiki nayo ihamie nyuma.

Weka alama ya chokaa sakafuni pa kusimamia. Mpuliza shaba hutembea bila kujijua.

Geini iweke kwa noti kubwa kuliko zote za wimbo, si kwa zile za kujaribia. Vilele vya sauti kwenye kipimo cha programu vikigusa kati ya desibeli −12 na −6 inatosha. Ukirekodi kwa biti 24 huna sababu ya kufukuza sifuri, mwisho wa kipimo. Sauti ikishapasuka hakuna dawa.

Chumba changu kinavuma. Nibandike trei za mayai?

Usibandike. Trei za mayai hupunguza kidogo sauti za juu tu, zile za chini hazina habari nazo, tena ni kualika moto na mende. Godoro lililosimamishwa ukutani nyuma yako, mapazia mazito, leso mbili tatu zilizotundikwa kwenye kamba mbali kidogo na ukuta, na kitanda kilichomo humo humo vitafanya zaidi.

Ila tazama kwanza una nyumba gani. Wenye vyumba vya Mji wa Kale wamebarikiwa wasivyojua: kuta nene za matumbawe, dari la boriti lililoinuka, na uso wa ukuta usio laini kabisa, kwa hiyo sauti inatawanyika badala ya kurudi kama kofi. Chumba cha matofali kilichopigwa plasta na vigae chini ndicho kibaya zaidi. Na paa la mabati bila dari halitaki mjadala. Mvua ya masika ikianza umemaliza kazi.

Sisi wa nyumba za Kiswahili tuna korido ile inayokata katikati, vyumba huku na huku. Usiidharau. Siku wapangaji wenzangu wametoka, mie husimama chumbani mlango wazi, maiki moja mbele yangu na ya pili mwisho wa korido kule karibu na ua. Ile ya pili huipa tarumbeta mwangwi wa kweli, wa nyumba yenye watu. Hakuna programu iliyonipa sauti ile. Huichanganya kidogo tu chini ya ile ya karibu.

Na majirani?

Waambie kabla, usingoje wakuambie. Nenda mwenyewe, si kwa ujumbe: "Shikamoo mama, kesho saa nne hadi saa sita nitapiga piga tarumbeta kidogo." Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga atakwambia, nawe utasogeza siku. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele zahesabu usiku kuanzia saa mbili, kwa hiyo habari ya kurekodi tarumbeta saa nne usiku iondoe akilini.

Kizibo cha mazoezi, kile kinachotiwa domoni, hupunguza sauti sana, lakini hubadilisha tuni na kuzuia pumzi. Tumia kwa kujifunza sehemu zako usiku, kurekodi, toa. Vizibo vya kubadili rangi ya sauti, kile kilichonyooka au cha kikombe, hivyo ni muziki na vyatiwa popote wimbo unapovitaka.

Kelele za nje je?

Kunguru ndio maadui wakubwa, kuliko matatu. Pangaboi zima, na friji ikiwa ukuta wa pili ichomoe, ila uweke ufunguo wa nyumba juu yake usije ukasahau kuirudisha. Mie nilishasahau, na samaki wa siku mbili akanikumbusha. Adhana panga ratiba yako kwayo. Kati ya saa tatu asubuhi na adhuhuri watoto wako shule na mtaa umetulia. Katika traki yangu moja kuna muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake barabarani, sawa kabisa na mdundo. Huyo nilimwacha.

Nikipiga nasikia sauti yangu inarudi imechelewa. Nifanyeje?

Sauti yako inaingia kwenye kompyuta, inasubiri kwenye bafa, foleni ndogo ya kompyuta, ndipo inakurudia. Bafa ya sampuli 1024 kwa kiwango cha 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 21 kwa safari moja tu, na kurudi nako kuna yake. Mtu wa shaba hawezi kupiga hivyo. Punguza bafa hadi 128 au 256 wakati wa kurekodi, uiongeze wakati wa kumiksi, yaani kuzichanganya traki.

Dawa bora zaidi ni kutoisikiliza kabisa sauti yako kwa kompyuta. Intafesi nyingi, vile visanduku vya kuunganisha maiki na kompyuta, vina kitufe cha kukusikilizisha moja kwa moja. Au fanya kama mie: sikio moja ndani ya hedifoni, jingine nje. Tarumbeta utaisikia tu, hiyo haijawahi kukosa kusikika. Lakini kile kikombe kisichovaliwa kibane kichwani, kisije kikatoa mdundo wa metronomu ukaingia kwenye maiki. Hedifoni ziwe zile zilizofunga nyuma.

Simu yatosha?

Kwa mwongozo na kujifunza, ndiyo. BandLab ya bure kwenye simu ina traki nyingi, na GarageBand imo kwenye iPhone. Tatizo ni maiki ya simu: imetengenezwa kwa mazungumzo. Iweke mita mbili au tatu mbali, nyuma ya pazia, na usitumie hedifoni za bluetooth, ucheleweshaji wake utakutia wazimu. Usirekodi kwa sauti za WhatsApp halafu ukataka kuzipanga; zimebanwa zikapungua.

Programu ya kompyuta?

Audacity ni ya bure na itakufikisha mbali. Reaper hujaribiwa siku 60, leseni yake ya matumizi binafsi ni dola 60, na inakimbia hata kwenye laptopu nzee. Ndiyo niliyonayo. Nafasi isikutishe: dakika moja ya traki moja kwa biti 24 na 48,000 ni kama megabaiti 8.6, kwa hivyo wimbo wa dakika nne wenye traki 10 hautimizi megabaiti 350.

Tarumbeta nne nimezipiga mwenyewe, zasikika kama mtu mmoja aliyejigawa. Kwa nini?

Kwa sababu ndivyo ilivyo! Pumzi moja, midomo mimoja, chumba kimoja, maiki mahali pamoja. Kila kasoro ya chumba chako imejirudia mara nne juu ya alama ile ile.

Igiza watu wanne. Tarumbeta ya pili badilisha kipulizio. Ya tatu sogea nyuma hatua mbili na ugeukie kona nyingine ya chumba. Ukiweza kuazima chombo cha mwenzio, azima, au kuwe na flugelihoni badala ya tarumbeta ya chini. Zaidi ya hayo, badilisha tabia. Mie huwafikiria watu ninaowajua: mmoja katika beni yetu hukata noti fupi, mwingine husukuma mwanzo wa noti kama anakohoa. Nikipiga sehemu ya pili napiga kama yule wa kwanza, ya tatu kama huyu wa kikohozi. Wasijue tu.

Halafu usizinyooshe traki zote kwa kompyuta mpaka kila noti ianze sekunde ile ile. Beni za pwani tangu enzi za Kingi na Skochi, vyama vya beni vya zamani, wakishindana mjini humu hazikuwa gwaride la saa ya ukutani. Kitu kinachosisimua ni ule msuguano mdogo. Rekebisha kinachoumiza sikio, kingine kiache.

Kumiksi nianzie wapi?

Tuba na ngoma kubwa katikati. Tromboni kidogo kushoto, tarumbeta za pili na tatu kidogo kulia, ya kwanza karibu na katikati. Ondoa mngurumo wa chini kabisa kwenye tarumbeta, hauna kazi. Mwangwi uwe mmoja kwa wote, ili waonekane wamesimama mahali pamoja. Kisha isikilize kwenye spika ya tuktuk. Nasema kweli: huko ndiko wateja wako watakakoisikia.

Naweza kurekodi nyimbo za watu na kuziweka mtandaoni?

Kujifunzia chumbani hakuna atakayekuuliza. Kuutoa kwa umma ni jambo jingine: wimbo una mtunzi hata kama kwenye harusi kila mtu anauimba, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda. Tafuta idhini kwanza. KECOBO ndiyo ofisi ya serikali ya mambo hayo. Rekodi ya upigaji wako nayo ina haki zake.

Umeme ukikatika katikati ya noti?

Laptopu yenye betri nzima na intafesi inayokula umeme wa USB hazitajua kama token zimekwisha. Programu iwekee kuhifadhi kila dakika, na jioni nakili kazi yote kwenye diski ya pili.

Maiki yangu ya kondensa imeanza kukwaruza, na haijaanguka. Imekufa?

Pengine imelowa tu. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kondensa ikinyonya unyevu hutoa mikwaruzo na vipasuko kama mafuta ya moto. Itoe kwenye stendi, itie ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba, uiache siku mbili. Usiianike juani wala usiipulizie mashine ya nywele. Yangu ilipona mara mbili kwa njia hiyo. Tangu hapo inalala koponi kila usiku, na tarumbeta nayo inafutwa jasho kabla ya kuingia kesini, pistoni zikitiwa mafuta.